Kabichi, Mwenyekiti na Tundu la Giaboksi

Nilipokuwa kijana, ndevu bado zinatafuta pa kuotea, misheni yetu iliagiza kinanda kutoka ng'ambo. Kikafika Mombo kwa treni, na vijana wanne tukatumwa tukakibebe mpaka juu mlimani kwetu. Kilikuwa kinanda cha kukanyaga kwa miguu, ndani kina mifuko ya ngozi inayovuta pumzi. Tukakifunga kwenye miti miwili kama mgonjwa na kuanza kupanda. Basi kila mmoja wetu alipojikwaa, kile kitu kililia. Wanawake waliokuwa wanashuka na ndizi walitua mizigo yao wakauliza, "Mmembeba nani, mbona bado analia?" Mwenzetu Zakayo, ambaye bega lake lilikuwa limechubuka mpaka nyama, akawajibu, "Ni mimi ninayelia." Siku nne. Tulipofika, mchungaji alimshukuru Mungu kwa sala ndefu, sisi tukapewa chai isiyo na sukari.

Siku ile niliapa kwamba mzigo wowote utakaokuwa mbele yangu maishani utabebwa na gari. Shule niliishia darasa la pili, kwa hiyo sikuwa na njia nyingi. Nikawa utingo wa lori la mfanyabiashara mmoja wa Soni, nikajifunza usukani kwa kuibia macho, kisha nikawa dereva wa mzungu mwenye shamba. Uhuru ulipokuja mzungu alikaa kidogo, akanuna, akaondoka. Akaacha pikapu. Ujamaa ulipokuja pikapu ikawa mali ya kijiji, na mimi nikaenda nayo kama kupe anavyokwenda na ng'ombe.

Najua hamkuniuliza habari za kinanda. Mmeniuliza ilikuwaje nikaenda harusini kwa Naomi na gari, nikarudi bila gari na bila kazi. Nimechoka kulisimulia kipande kipande kila ninapokaa kunywa chai, huyu anakosa mwanzo, yule anakosa mwisho. Sasa nimeandika. Msiponielewa, mnisomee tena wenyewe.

Kutoka nyumbani hadi Soni

Naomi mnamjua. Ni mtoto wa marehemu dada yangu, nimemlea tangu hajaota meno, na kwetu Usambaani mjomba ndiye mwenye neno. Baba mtu anaweza kula, kunywa na kucheka na wakwe, lakini mjomba asipotamka "mchukueni," binti hatoki ndani. Harusi yake ilikuwa Korogwe, alikopata kazi ya kufundisha watoto. Ilikwisha ahirishwa mara moja kwa sababu yangu, masika yalipobomoa barabara nikashindwa kushuka. Mjomba wa bwana harusi, Mzigua mmoja mwenye maneno makali, alituma salamu: "Mwambieni huyo mzee wa mlimani, tukimsubiri mara ya pili tutamtafutia kijana wetu mke kwenye watu wenye barabara." Naomi naye akaniandikia barua ya mistari mitatu. Mstari wa mwisho: "Mjomba, usipofika sitoki ndani, hata wakiondoka."

Ndoa ilikuwa Jumamosi saa nne asubuhi. Nikaomba ruhusa kwa Mwenyekiti wa kijiji, Ndugu Yohana. Yeye ni mdogo kwangu kwa miaka kama ishirini, kwa hiyo asubuhi hunipa shikamoo yangu, ila huitoa upesi upesi kama mtu anayetema kokwa la plamu, kisha anaanza kuamuru. Akitaka kuniomba kitu huniita "Baba." Akitaka kuniamuru huniita "Ndugu Dereva."

"Ndugu Dereva," akasema, "utakwenda, lakini hutakwenda mikono mitupu. Utapeleka kabichi za kijiji sokoni Tanga, Korogwe utapita njiani, utaoza binti, utaendelea. Na mimi nitakuwemo."

"Uwemo kufanya nini?"

"Kuangalia mali ya umma."

Tukaondoka Alhamisi asubuhi, ukungu umelala mpaka kwenye magurudumu. Mwenyekiti alipanda na kikapu chenye furushi la majani ya mgomba, nikadhani ni viazi vya njiani, nikafurahi. Chini ya mteremko wa Gare nikasikia gia zinalia. Nikasimama, nikainama. Giaboksi ilikuwa inadondosha oili, tena si kama mtu anayetokwa jasho, ni kama mbuzi aliyechinjwa. Njia nzima tuliyotoka ilikuwa na mstari mweusi.

Sasa hili la kuvuja halikuwa geni. Lilianza kiangazi kile, tone moja moja. Nilikuwa nimemwambia Mwenyekiti mara tatu tulipeleke gari kwa fundi. Mara tatu alinijibu kwamba suala liko kwenye Kamati ya Gari. Kamati ya Gari ilikuwa na watu saba, na kati yao hakuna hata mmoja aliyewahi kushika usukani. Mmoja hakuwahi hata kupanda.

Soni, palipopigwa kura

Tulifika Soni tukijikokota kwa gia ya pili. Ilikuwa siku ya soko, watu wamejaa na matenga ya plamu na pea, na harufu ya vitunguu vibichi. Nikaenda kwenye duka linalouza mafuta. Mwenye duka akaniwekea makopo mawili mezani: moja la oili nzito ya gia, ile namba tisini inayomiminika kama asali, na moja la oili ya injini, namba arobaini.

Nikachukua ya injini. Hapa naomba mnisikilize, maana wengi wenu mmezoea magari ya majirani. Magari mengi giaboksi yake hunywa tisini, ni kweli. Lakini lile gari halikuwa hivyo. Yule mzungu alinionyesha mwenyewe kwenye kitabu chake, akaweka kidole, akasema, "Hii giaboksi inakunywa oili ya injini tu. Ukitia nzito, vile vipete vya shaba vya ndani vinavyolainisha gia vitashindwa kushika." Miaka yote nilitia arobaini, na gia ziliingia kama kisu kwenye parachichi.

Mwenyekiti akanishika mkono. "Oili ya injini unaitia kwenye gia? Ndugu Dereva, umechoka?"

"Ndivyo linavyotaka."

"Ndivyo alivyotaka mzungu. Mzungu ameondoka." Akayanyanyua makopo, akayatikisa karibu na sikio. "Hii nyepesi, ndiyo maana inavuja. Hii nzito. Uji mzito na uji mwepesi, upi unamwagika?"

"Gari halinywi uji."

"Jibu swali."

Watu wakaanza kusogea. Mnajua Soni, mtu akikohoa kwa sauti wanamzunguka kumi. Mwenyekiti akapanda kwenye kizingiti cha duka na kuwaeleza wauza plamu habari ya giaboksi yetu. Aliieleza vizuri, kwa kweli, mimi mwenyewe nilikaribia kumwamini. Kisha akasema, "Wananchi, wanaoona itiwe nzito, mikono juu."

Mikono ikapanda kama migomba. Mama mmoja mwenye tenga kichwani alinyoosha miwili.

"Mama, wewe unajua nini cha magari?" nikamuuliza.

"Sijui kitu, baba," akasema, "lakini nyepesi hata kwa kuisikia tu haifai."

"Wanaoona itiwe nyepesi?"

Nikanyoosha mkono wangu. Mwenye duka akanyoosha wake nusu, akaona watu wanamtazama, akajikuna kichwa.

Basi ikatiwa nzito, kwa wingi wa kura. Tena Mwenyekiti akasema ijazwe mpaka juu kabisa, "ili ikivuja ibaki." Nilimwambia kwamba nati ya kujazia ipo pembeni kwa sababu maalumu, oili ikifika hapo inatosha. Alitaka kupiga kura tena. Nikamwachia kopo. Nikaenda kula makande kwa mama mmoja nyuma ya soko, makande yenye mboga ya mchunga pembeni, na ule uchungu wa mchunga ulinifaa sana siku hiyo.

Kushuka Mombo

Barabara ya Soni kwenda Mombo mnaijua. Upande huu ukuta wa mlima, upande huu hewa. Mtu hushuka kwa gia, breki ni za kuombea dua tu.

Oili nzito ilikuwa bado baridi, na mimi nikaona mapema kwamba gia ya pili haitaki kuingia. Nikaiweka ya pili nikiwa bado nimesimama, kwa nguvu za mikono yote miwili, nikamwambia Mwenyekiti, "Sasa hatubadilishi kitu mpaka chini." Tukashuka hivyo, injini inalia, kabichi zinagonga ubao nyuma. Lori la mbao likatufuata likipiga honi. Dereva wake alipopata nafasi ya kutupita akatoa kichwa: "Mzee! Unapeleka maiti?"

"Napeleka mwenyekiti!" nikamjibu.

Mwenyekiti hakucheka. Alikuwa ameshika mlango kwa mikono miwili na macho ameyafumba, akinong'ona zaburi. Nilimwona binadamu kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Tulipofika chini joto la Mombo likatupiga usoni kama mvuke wa sufuria. Nikainama tena. Oili ilikuwa imetapakaa chini ya gari lote. Nzito, nyepesi, ilitoka vilevile, ila nzito ilinuka zaidi. Tukalala pale kwenye nyumba ya wageni yenye kunguni wanaojua kazi yao. Chakula kilikuwa ugali na ng'onda, samaki wa kukaushwa. Mwenyekiti hakufungua furushi lake la majani ya mgomba, nikamwona mchoyo.

Mombo, kwa Fundi Athumani

Ijumaa asubuhi nikamkuta Fundi Athumani chini ya gari la mtu mwingine. Ni mtu mfupi, mweusi kwa oili mpaka kwenye nyusi, na ana tabia ya kusema na chuma kabla ya kusema na watu.

"Shikamoo mzee wangu. Linaumwa nini?"

"Marahaba. Linavuja giaboksi. Nadhani sili ya kuzuia oili imekufa."

Akaingia chini akakaa muda mrefu. Akatoka, akanusa vidole. "Nani kakutilia tisini?"

"Wananchi wa Soni," nikasema.

Alinitazama, akaamua asiulize. Akamwaga ile oili yote kwenye karai, kisha akapanda ndani, akatoa mpira wa sakafuni, akafungua bamba la chuma lililofunika giaboksi. Akachungulia. Akaingiza kidole. Akakitoa kina udongo.

Udongo wa mfinyanzi, mwekundu, uliokandwa vizuri.

"Huu umetoka wapi?" akauliza. Udongo ule niliujua. Kila mtu wa kijijini kwetu angeujua.

Ninyi mnaoishi mjini labda mmesahau. Kijiji chetu kinaishi kwa mfereji, na mfereji unajaza bwawa, na sheria ya bwawa ni ya mababu: mwenye kuona tundu kwenye ukingo haendi kumwita mtu, haulizi. Anachukua udongo, anakanda, anaziba, ndipo anapita. Anayepita bila kuziba, siku ya kikao analeta mtungi wa boha, pombe ile ya miwa. Wachungaji wamejaribu kuigeuza faini iwe kuni, haikukaa. Mtoto wa kwetu anajua kuziba tundu kabla hajajua kufunga kifungo.

Fundi akanionyesha. Juu ya giaboksi palikuwa na kinyweleo cha chuma, kidogo kama chuchu ya mbuzi, chenye tundu. "Hapa ndipo giaboksi inapopumulia, mzee wangu. Gia zikizunguka zinachemka, hewa ya ndani inatanuka. Ikikosa pa kutokea inasukuma oili ipite kwenye sili. Sufuria la makande ukilifunga mfuniko kwa kamba litafanyaje? Sili yako nzima. Sitaigusa. Nazibua hapa tu, natia arobaini, unakwenda."

Nikageuka. Mwenyekiti alikuwa amesimama nyuma yetu.

"Nani aliziba?" nikamuuliza.

"Kamati," akasema. "Tulifungua kukagua kiangazi kilipoanza. Tukakuta tundu, na pembeni yake pana unyevu wa oili. Ungefanyaje wewe?"

"Ningemuuliza dereva!"

"Tundu haliulizwi, Baba."

Fundi Athumani alicheka mpaka akakaa kwenye tairi. Alilizibua kwa waya, akapuliza, akalisafisha kwa petroli, akajaza arobaini mpaka kwenye nati ya pembeni na si zaidi. Kabla ya saa sita nilizunguka na gari soko la Mombo mara moja. Gia ziliingia kama zamani. Nikatandika gazeti chini yake tukiwa tunakula maandazi. Hata tone. Nilikaribia kuimba. Korogwe ni mwendo wa saa moja tu na kidogo, nikajiona nimeshaoga, nimekaa na wazee wa Kizigua, namwangalia yule mjomba wa maneno makali machoni.

Nikaenda kuchota maji ya rejeta. Nilichelewa kidogo kwa sababu bombani palikuwa na mama mmoja aliyemjua marehemu dada yangu, na huwezi kumkatisha mtu anayekusifia marehemu. Niliporudi Mwenyekiti alikuwa ameshakaa kwenye kiti chake, mikono magotini, mpole kama mtu aliyepata kipaimara. Tukaondoka.

Mombo kwenda Korogwe, ambako gari halikufika

Tulikwenda vizuri. Mkonge kushoto, mkonge kulia, lami imenyooka, jua kali. Nikasimulia habari za Naomi alipokuwa mdogo, alivyokuwa anakataa kulala mpaka nimfunike kwa koti langu. Mwenyekiti akasikiliza, hata akacheka mara mbili. Karibu na Makuyuni nikasikia sauti kama mtu anasaga mahindi mabichi. Nikakanyaga klachi, nikatoa gia, haikutoka. Moshi ukapanda kwenye miguu yetu. Gari likatikisika mara tatu, likasimama katikati ya barabara na gia ndani, kama punda.

Tukalisukuma pembeni kwa msaada wa wakata mkonge watatu, klachi nimeifunga kwa kijiti. Nikatoa mpira wa sakafuni, nikafungua bamba, nikaungua vidole. Kile kinyweleo kilikuwa kimezibwa. Udongo mwekundu, umekandwa, umelainishwa kwa dole gumba, alama ya dole bado ipo. Oili yote ilikuwa imebaki barabarani kutoka Mombo.

Nikakifungua kile kikapu mwenyewe. Majani ya mgomba, na ndani yake hakuna kiazi. Ulikuwa udongo wa ukingo wa bwawa letu, umeloweshwa, umefungwa vizuri usikauke.

"Yohana," nikamwita, sikumwita Mwenyekiti. "Hukumsikia fundi?"

"Nilimsikia."

"Hukuona gazeti ni kavu?"

"Niliona." Alikuwa amesimama na mikono imelegea. "Wewe ulikwenda kuchota maji, mimi nikabaki nalo peke yangu. Nikijua kwamba pale chini pana tundu wazi. Nilijizuia, Baba. Nilijizuia sana."

Nikayafunga tena yale majani ya mgomba.

"Nilikuwa na miaka sita," akasema. "Mama alipita ukingoni na mzigo wa majani ya ng'ombe, akaona tundu dogo kama la sindano, akasema nitaziba nikirudi. Bwawa lilipasuka mchana uleule. Lilichukua nyumba yetu, na ndani yake alikuwamo mdogo wangu. Tangu siku hiyo sijawahi kupita tundu."

Wale wakata mkonge walikuwa wameondoka. Upepo ulikuwa unapita kwenye mkonge tu. Nilimhurumia, na sitawaficha, nilikaribia kumshika bega. Mtu huyu hakuwa mbaya. Lakini jua lilikuwa limeshaanza kulala upande wa milima, na basi la mchana lilikwisha tupita tukiwa Mombo.

"Pole," nikasema. "Sasa mimi nakwenda."

"Kwenda wapi?"

"Korogwe. Kwa miguu."

Akashtuka, uso wake ukarudi wa kikao. "Ndugu Dereva, dereva haachi gari. Kabichi zitaoza, vipuri vitaibwa. Wewe unakaa hapa unalinda, mimi narudi Mombo kwa Fundi Athumani. Kesho jioni nitakuwa nimerudi naye, lazima."

"Kesho saa nne binti yangu anaolewa."

"Watasubiri. Ni mjomba wa Kisambaa, lazima wasubiri."

"Walishasubiri mara moja."

"Basi tuulizane. Hata tukiwa wawili, hiki ni kikao." Akanyoosha mkono wake juu, pale pale, barabarani, na mimi namtazama. "Wanaoona dereva abaki."

Nilitoa ufunguo mfukoni. Nikauweka juu ya boneti, kwa sababu mkono wake mmoja ulikuwa bado uko juu na mwingine umeshika kikapu. Nikachukua koti langu la kanisani, nikalikunja ndani nje lisipate vumbi.

"Ukiondoka hapa huna kazi!" akapaza sauti. "Gari hili hutalishika tena! Nitaliandika!"

"Liandike."

"Baba!" Sasa ilikuwa sauti nyingine. "Baba, mimi siwezi hata kulifunga hili dirisha!"

Dirisha lile lina mtindo wake, unalivuta juu huku unalipiga ngumi chini kushoto. Ningeweza kurudi nikamwonyesha, ni hatua ishirini tu. Nilibadili koti bega, nikashika ukingo wa lami, nikaenda.